Inkyubeta ndogo ya mayai 48 kwenye maabara ya embriolojia: inafaa, ila itoe kwanza trei ya kugeuzia

Inkyubeta hizi za plastiki zenye mfuniko angavu, zinazouzwa kwa majina mengi lakini umbo ni lile lile, zimetengenezwa kwa ajili ya mfugaji anayesubiri vifaranga siku ya 21. Mwalimu wa embriolojia wa shahada ya kwanza anasubiri kitu kingine: kiinitete (kifaranga kinachoanza kujiunda ndani ya yai) cha saa 33, kingine cha saa 48 na kingine cha saa 72, vyote viwe mezani Jumatano saa 8 mchana wanafunzi wanapoingia. Kwa kazi hiyo mashine inafaa, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya inkyubeta ya maabara. Tatizo ni mipangilio inayokuja nayo kutoka dukani, ambayo karibu yote inampendelea mfugaji.

Ndani kuna feni moja, waya wa kupashia joto, kihisi kimoja au viwili, mifereji miwili ya maji sakafuni na trei inayojigeuza kila baada ya saa kadhaa. Zingine zina taa ya kupimia mayai. Hiyo ni nyongeza nzuri, ila kabla ya siku ya tatu haikuonyeshi jambo la maana, hasa kwa mayai ya ganda la kahawia.

Jambo la kwanza kulikagua ni joto. Namba nyekundu unayoisoma kwenye kioo ni joto la pale kihisi kilipo, kwa kawaida juu, karibu na feni. Yai liko chini, na pengine liko kona. Washa mashine ikiwa tupu kwa saa 24, kisha weka kipimajoto cha maabara kwenye usawa wa mayai, katikati na kwenye kila kona, ukisubiri nusu saa kabla ya kusoma. Lengo ni nyuzi 37.5 hadi 38 za Selsiasi. Kona ikisoma 36.8 na katikati 38, usilalamike, acha tu kuweka mayai kwenye kona. Kiinitete cha kuku huongeza jozi moja ya somaiti (vijipande vya tishu vinavyojipanga kando ya mgongo) takriban kila dakika 90 kwenye joto sahihi, kwa hiyo mayai mawili yaliyoingia dakika moja yanaweza kutoka yakiwa yamepishana somaiti kadhaa kwa sababu ya kona tu. Mashine nyingi zina sehemu ya kusahihisha usomaji kwenye menyu, itumie. Ukilazimika kukosea, kosea upande wa baridi. Yai lililopoa kidogo linachelewa, lakini lililokaa nyuzi 40 na kuendelea linakupa kichwa kilichopinda, mrija wa neva (unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo) usiofunga, au kiinitete kilichokufa.

Sasa trei. Kwa mfugaji kugeuza mayai ni lazima, la sivyo kiinitete hugandia kwenye utando wa ganda. Kwa praktiko (kazi ya maabara) ya siku tatu za mwanzo, kugeuza ndiko kunakoharibu kazi. Blastodemu, yaani kile kisahani cha seli kinachokuwa kiinitete, inakaa upande mwepesi wa kiini cha yai, hivyo yai likilazwa na kuachwa limetulia, kiini huzunguka taratibu mpaka kiinitete kinakuja juu kabisa, chini tu ya ganda, mahali utakapokata dirisha. Toa trei, tandika karatasi nene au kipande cha trei ya mayai ya kawaida, laza mayai kwa ubavu, na uweke alama ya penseli juu ya kila moja. Penseli, si kalamu ya wino: wino wenye kemikali hupenya ganda. Mashine ambayo trei yake haitoki au mota yake haizimiki, usiinunue kwa maabara.

Kuhusu muda, kihesabu siku cha mashine kisikutawale. Yai lililotoka sehemu ya ubaridi huchukua saa tatu au nne kupata joto, na katika muda huo hakuna kinachokua. Ndiyo maana hatua za ukuaji wa kiinitete cha kuku zilizopangwa na wanasayansi Hamburger na Hamilton, zilizochapishwa mwaka 1951 na bado zinatumika duniani kote, zinatambua kiinitete kwa umbo lake na idadi ya somaiti, wala si kwa saa. Hatua ya 10 ina jozi 10 za somaiti, na hupatikana kati ya saa 33 na 38. Hatua ya 12 ina jozi 16, saa 45 hadi 49. Ukitaka hatua ya 10 au 11 Jumatano saa 8 mchana, weka mayai Jumatatu saa 2 usiku: ni saa 42 kwa saa ya ukutani, lakini ukiondoa muda wa kupasha moto zinabaki kama 38. Kwa saa 72 weka Jumapili asubuhi, kwa 48 weka Jumatatu asubuhi. Mwanafunzi aandike "jozi 11", asiandike "saa 42".

Mayai yenyewe ndiyo yanayoharibu praktiko nyingi kuliko mashine. Mayai ya kuku wa kisasa wa dukani hayana mbegu, kwa sababu banda lile halina jogoo. Tafuta mfugaji mwenye jogoo mmoja kwa majike wasiozidi kumi, omba mayai yasiyozidi siku saba, yasiyooshwa, na uyatunze kwenye nyuzi 12 hadi 16. Nunua theluthi moja zaidi ya unayohitaji. Kama yamesafiri kwa bodaboda, yapumzishe usiku mzima kabla ya kuyaweka, upande butu ukiwa juu. Yai likifunguliwa na ukaona doa dogo jeupe zito lisilo na duara, halikuwa na mbegu. Lenye mbegu linaonyesha duara lenye kitovu angavu na ukingo mweupe.

Kufungua yai kuna njia mbili. Dirisha: toboa upande butu, ingiza sindano ikielekea chini ili isiguse kiini, vuta mililita 2 au 3 za ute, ziba tundu kwa selotepu. Bandika selotepu nyingine juu ya alama ya penseli, kisha kata duara la sentimita 2 kwa mkasi mdogo uliopinda, ncha ukiilaza sambamba na ganda. Wanaotoboa kiini karibu wote waliruka hatua ya kuvuta ute: kiinitete kilikuwa bado kimegusa ganda. Njia ya pili, ambayo ni bora kwa darasa kubwa, ni ya pete ya karatasi. Vunja yai kwenye sahani ya petri, futa ute mzito juu ya kiini kwa tishu, na ufute kweli, maana ute ukibaki karatasi haishiki. Kata karatasi ya kuchujia ya sentimita 2 yenye tundu katikati, iweke kiinitete kikiwa ndani ya tundu, subiri ishike, kata utando kuizunguka, kisha inua kwa mshazari. Suuza kwenye myeyusho wa chumvi wenye nyuzi 37: kwa lita moja ya maji, kloridi ya sodiamu gramu 7.2, ya potasiamu gramu 0.37 na ya kalsiamu gramu 0.17. Myeyusho ukiwa wa baridi moyo unapunguza kasi hadi kusimama, na darasa litaamini kiinitete kimekufa.

Weka sahani juu ya karatasi nyeusi chini ya hadubini ya kupasulia. Kwenye hatua ya 11 moyo ni mrija mmoja ulioanza kupinda kwenda kulia kwa kiinitete. Kwanza unaona mtikisiko usio na mpangilio, mithili ya uzi unaovutwa, kisha mapigo yenye mwendo. Ukikitazama kiinitete upande wa tumbo, kulia kwake ni kushoto kwako. Hapo ndipo michoro mingi ya wanafunzi hukosewa. Pembeni visiwa vya damu (vikundi vya seli zinazotengeneza damu) vinaanza kuwa vyekundu, na nyuma, kule ambako somaiti bado hazijakatika, mstari wa awali (mfereji ambamo seli huingia ndani kuunda tabaka za mwili) haujaisha. Mbele kumefika mbali, nyuma bado kunaanza, vyote kwenye kiinitete kimoja. Hakuna slaidi iliyokaushwa inayoonyesha hivyo ikiwa hai.

Slaidi za boksi, zile zilizotayarishwa tayari, bado zinahitajika kwa kitu kimoja ambacho mashine haitoi: mikato ya kukingama, notokodi (ufito wa kuushikilia mgongo wa kiinitete) ikiwa chini ya mrija wa neva. Ziwekwe mezani pamoja na kiinitete hai, zisiwe badala yake.

Umeme ukikatika, usifungue mfuniko. Funika mashine kwa blanketi na uandike muda uliopotea. Viinitete vya siku mbili za mwanzo vinastahimili kupoa kwa saa chache. Vinarudi nyuma kwa ratiba, basi. Baadhi ya mashine hizi zina tundu la betri ya volti 12, na tofauti ya bei inastahili kulipwa. Kwenye miji ya baridi kama Iringa au Limuru, isiwekwe karibu na dirisha. Unyevu wa asilimia 50 hadi 60 unatosha na mfereji mmoja wa maji unaufikia. La muhimu zaidi ni kuziba kila dirisha kwa selotepu mara baada ya kutazama, la sivyo utando hukauka ndani ya saa chache.

Safisha ndani kwa dawa baada ya kila mzunguko, kwa sababu ganda hubeba salmonela, na wanafunzi wanawe mikono kabla ya kutoka. Viinitete vilivyobaki vigandishwe kwenye friza usiku kucha kabla ya kutupwa.

Kama bajeti inaruhusu mayai 100, usinunue mashine moja kubwa. Nunua mbili za 48. Kila mfuniko unapofunguliwa joto hushuka, na darasa la watu 30 linalochota mayai ya saa 48 litapoza yale ya saa 33 yanayosubiri kikao cha kesho yake.