Tamasha la vitabu Kigoma: walimkatiza bibi katikati ya hadithi

Kama una mtoto mdogo na unawaza kumpeleka kwenye tamasha la vitabu linalofanyika hapa kwetu Kigoma, soma hii kwanza. Mimi nilikwenda mara ya mwisho lilipofanyika, nikiwa na wanangu wawili na baba yangu mzazi, na mpaka leo nikikumbuka alasiri ile napandwa na hasira upya. Nilitaka kuandika wiki ileile, nikaogopa nitaandika matusi. Sasa nimetulia kidogo. Si sana.

Vumbi, vyoo, foleni ya soda, spika zilizokuwa zinakoroma, hayo siyaongelei. Tamasha linaloendeshwa na watu wanaojitolea halikosi mapungufu, na nayavumilia. Nina jambo moja tu: walimnyang'anya bibi kipaza sauti katikati ya hadithi.

Ratiba waliyotugawia getini ilikuwa na kitu kwa kila rika. Asubuhi vitabu vya picha kwa wadogo, mchana wanafunzi wa sekondari na ngonjera zao, jioni waandishi na wasomaji watu wazima. Na alasiri, saa nzima ya hadithi, wazee wakiwasimulia watoto. Kwa ajili ya saa hiyo ndiyo nilipakia familia kwenye bajaji kutoka Mwanga, hapahapa mjini. Mwanangu mdogo ana miaka sita na hajawahi kukaa miguuni kwa bibi akasimuliwa. Mama yangu alifariki kabla hajazaliwa, na bibi yake wa upande wa baba yuko Kibondo, tunasalimiana naye kwa simu. Nilisema leo atasikia.

Bibi aliyekuja ni mzaliwa wa Ujiji. Jina lake silitaji, sikumwomba ruhusa. Alikataa kiti, akaketi mkekani pamoja na watoto, mkongojo wake kaulaza pembeni. "Hadithi hadithi!" Watoto wakaitika kwa aibu, "Hadithi njoo." Akasema hajasikia, labda ni wagonjwa, akaanza tena, na tena, mpaka wale wa nyuma kabisa wakapiga kelele. Hapo tu nikajua huyu mama anaijua kazi yake.

Akaanza ile ya kisima. Wengi mnaijua: ukame umeingia, wanyama wote wanachimba kisima, sungura anakataa kuchimba, halafu usiku anakuja kunywa na kuyachafua maji. Mimi niliisikia kwa marehemu mama yangu, na ya mama ilikuwa na tembo na simba. Ya bibi wa Ujiji ilikuwa nyingine. Yake inatokea ufukweni, ziwa limerudi nyuma mpaka mitumbwi imebaki kwenye mchanga mkavu, na mlinzi wa kwanza ni kiboko. Sungura anamlambisha asali, anamwambia ukitaka nyingine kubali nikufunge mikono, kiboko anakubali. Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mlinzi wa pili mamba, naye akafungwa hivyohivyo. Kila sungura anapotoroka bibi anaimba, "Nani kachafua maji?" na watoto wanajibu, "Si mimi!" Mwanangu alikuwa anajibu kwa sauti ambayo nyumbani huwa namkataza.

Baba yangu, mtu wa miaka zaidi ya sabini, naye alikuwa anajibu.

Basi akafika kwa kobe. Kobe kapakwa ulimbo mgongoni, kazama kisimani, katulia kama jiwe. Sungura anakuja, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, haoni mlinzi, anacheka, anainua mguu wa kwanza kukanyaga lile jiwe. Bibi akanyamaza. Akawaangalia watoto mmoja mmoja. Hakuna aliyekohoa.

Hapo ndipo mshereheshaji alipokuja nyuma yake, akainama, akamtoa kipaza sauti mkononi. Sisemi alimwomba. Alikichukua. "Tunamshukuru sana bibi yetu kwa hadithi nzuri, naomba wote tusimame tumpokee mgeni rasmi."

Magari yalikuwa yameingia getini.

Ndani ya dakika moja vijana wa kamati wakaja kukunja mikeka, watoto wengine bado wameikalia. Palitakiwa pawe njia ya kupita kwenda meza kuu. Nikamfuata mmoja wao, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, tisheti ya tamasha na kitambulisho shingoni. Nikamwambia kwa upole, kaka, ratiba inaonyesha saa nzima na bibi hajafika hata nusu saa, mpeni dakika tano tu amalizie. Hakuniangalia. "Mama, toa watoto hapa." Nikarudia. Akasema hadithi za watoto zinaweza kusubiri, na isitoshe wanazijua. Nikasema hawazijui, ndiyo maana tumewaleta. Ndipo akanijibu neno ambalo sijalimeza mpaka sasa: "Mama, hapa hakuna kiingilio, kama hujaridhika nyumbani si kupo?"

Kwa hiyo kwa kuwa sikulipa, mwanangu hana haki ya kujua sungura alinasaje. Bajaji sikulipa? Siku nzima ya kutofungua genge langu, hiyo ni bure? Na bibi, ambaye naye bila shaka hakulipwa kitu cha maana, muda wake ni bure kiasi kwamba mtu anaweza kuuchukua kutoka mkononi mwake?

Bibi hakulalamika. Alijifunga kanga vizuri, akasema, "Haya wanangu, mtamaliziwa na bibi zenu nyumbani." Akaondoka polepole kwenda nyuma, na hakuna aliyemtafutia kiti. Wanakamati wote walikuwa wamekimbilia magari. Baba yangu ndiye aliyesimama akampisha, upande ule wa jenereta ambako hata hotuba haisikiki vizuri.

Na hiyo hotuba sasa. Mgeni rasmi alizungumza vizuri, namsema kwa haki. Alisema Kiswahili kimepewa siku yake duniani, tarehe 7 Julai, na kwamba tangu Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, apate Nobeli mwaka 2021 dunia inatazama upande huu wetu. Akasema msomaji anaanza kutengenezwa nyumbani, kwa kusimuliwa. Halafu akauliza kwa kipaza sauti kilekile: watoto wako wapi, mbona siwaoni? Watoto walikuwa nyuma ya turubai, wamebanwa kwenye uzio. Uso wa yule mshereheshaji niliuona. Mgeni simlaumu hata kidogo. Naamini angeambiwa kuna bibi anasimulia angeketi akasikiliza. Hakuambiwa. Walioamua ni watu wadogo wenye kuogopa wakubwa, na sisi Watanzania ugonjwa huo tunao kwenye kila shughuli, kuanzia mahafali ya chekechea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba lilikuwa tamasha la fasihi. Binti yangu mkubwa yuko sekondari, daftari lake la Kiswahili limejaa fasihi simulizi: ngano, vigano, visasili, visakale, sifa za kila utanzu, dhima zake. Amekariri kwamba fasihi simulizi huhusisha fanani, yaani msimulizi, na hadhira ana kwa ana, kwamba hadhira hushiriki, kwamba fanani anaweza kubadilisha hadithi papo kwa papo. Siku ile alivikuta vyote mbele yake, kiboko akiwa amechukua nafasi ya tembo kwa sababu tuko ziwani. Na watu wanaosema wanaipenda fasihi ndio walioikunja pamoja na mikeka. Kitabu ukikatizwa unaweka alama ukurasa, kesho unaendelea. Kile kimya alichokijenga bibi hakiwekewi alama. Mtu ameandaa karibu nusu saa, wimbo juu ya wimbo, ili watoto sitini wasipumue kwa wakati mmoja. Huwezi kumwambia arudie baada ya vinywaji.

Halafu Ujiji! Ujiji ambayo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, ambako Waha, Wamanyema, Waarabu na watu wa pwani walikutana kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Waingereza Burton na Speke walipofika 1858 mji ulikuwa tayari na masimulizi yake. Lakini ukitaja Ujiji kila mtu anakimbilia mwembe ambapo wazungu Stanley na Livingstone walikutana mwaka 1871. Siku hiyohiyo kulikuwa na mazungumzo juu ya Livingstone, yakapitiliza muda wake sana tu, na hakuna aliyemnyang'anya mzungumzaji kipaza. Sina ubaya na Livingstone. Historia ni yetu pia, nimeshawapeleka wanangu kwenye makumbusho pale. Ila hadithi ya wageni wawili waliosalimiana ilipata muda wa ziada, na mama aliyezaliwa mitaa hiyohiyo akakatwa.

Nilikuwa nimepanga kuandika: msiende. Nyota moja, tena kwa sababu haiwezekani kuweka sifuri.

Lakini nikisema hivyo nitakuwa sijasema kweli yote, maana saa moja kabla ya yale yote kulikuwa na mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye meli ya Liemba, ile kongwe ya Ziwa Tanganyika. Aliwekwa kwenye kona na watoto wa darasa la tano na la sita, na kwa kuwa ilikuwa kona tu, hakuna aliyemsumbua. Aliwaeleza jinsi Wajerumani walivyoiunda kwao, mji wa Papenburg, mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikaja kwa bahari na kwa reli mpaka hapa Kigoma ikaungwa upya. Jinsi walivyoizamisha wenyewe wakati wa vita mwaka 1916 ili adui asiipate, na mafundi walivyoipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, grisi imeilinda injini, na 1927 ikaanza kazi tena. Mtoto mmoja akauliza, "Babu, samaki walikaa ndani?" Mzee akafikiri kwa makini kabisa, akajibu kwamba ilikaa chini miaka minane, samaki wa Tanganyika si wajinga, nyumba kama ile wasingeiacha. Baba yangu, ambaye ujana wake wote alisafiri na Liemba kwenda Kasanga, alichangia na yeye. Sijamwona akizungumza vile tangu mama afariki.

Na kwenye meza za vitabu kulikuwa na dada mmoja mvumilivu ajabu. Mwanangu alikuwa na mikono ya muhogo wa kuchoma, nikataka kumvuta, yule dada akasema muache, kitabu kisichoshikwa hakisomwi, akampa kitambaa ajifute. Tulinunua viwili. Vya watoto vilikuwa bei ambayo mtu wa genge anaweza, na hilo si jambo dogo katika mji ambao maduka mengi ya vitabu yanauza vya kiada na madaftari tu.

Ngonjera za wanafunzi zilikuwa za kawaida, ndefu, zenye kusifia wafadhili. Mashairi ya jioni sikuyasikia. Sikuwa na moyo.

Kwa hiyo nyota tatu? Niliandika tatu. Kisha usiku mwanangu mdogo alipokuwa anaogeshwa akaniuliza, mama, sungura alikanyaga? Nikamwambia alikanyaga, mguu ukanasa, akapiga kwa mguu wa pili nao ukanasa. Akaniangalia. "Hiyo ni ya bibi yangu. Ya bibi yule inaishaje?" Sijui inaishaje. Mwenye kisima cha ufukweni na kiboko aliyefungwa kwa asali huenda alikuwa na mwisho wake mwenyewe, labda kobe alimpeleka sungura ziwani badala ya barazani kwa simba, labda alimwachia. Nimerudisha mbili.

Ushauri wangu kwa wazazi: nendeni, ila mapema, na kaeni kwenye kona, mbali na meza kuu. Mambo mazuri yote niliyoyaona yalikuwa pembeni, ambako hakuna zulia. Beba mkeka wako, wa kwako hawawezi kuukunja. Ulizeni getini mgeni rasmi anafika saa ngapi, na kama ni saa ya hadithi, msiwakalishe watoto pale wakaja kuondolewa kama kuku.

Kwa kamati, kama kuna anayesoma: yule kijana wa tisheti simtafuti, pengine alikuwa na njaa na amefokewa tangu alfajiri. Nawaomba mumfuate bibi Ujiji, kwa heshima, na bahasha, na mumwombe radhi yeye kwanza kabla yetu. Kisha mumpe saa yake nzima siku ambayo hakuna mgeni rasmi. Mkitangaza hiyo siku, naja na wanangu, na majirani zangu wa Mwanga nawaleta, na nyota nazipandisha mpaka tano hapohapo. Bila hivyo zinabaki mbili, na ya pili ni ya mzee wa Liemba.