Vepu ya wati za kubadilika: ipi ununue ukiwa Unguja au Pemba

Ukiulizia vepu, yaani sigara ya kielektroniki, dukani, utaoneshwa kwanza namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi: wati 40, wati 80, wati 220. Namba hiyo ndiyo inayopandisha bei, na wanunuzi wengi huishia kulipia nguvu wasizozitumia hata siku moja. Mtu anayetoka kwenye sigara za kawaida huridhika kati ya wati 10 na 20. Anachohitaji ni mashine inayozishika wati hizo 15 bila kuyumba, betri ikiwa imejaa na betri ikiwa karibu kwisha, kwenye joto na hewa ya chumvi ya huku kwetu. Tumezipanga aina kwa kipimo hicho.

Neno moja kabla ya yote. Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayevuta sigara na anataka kuiweka chini. Nikotini ya vepu inanasa kama ile ya tumbaku, na mapafu hayakuumbiwa mvuke. Asiyevuta hana sababu ya kununua, na kijana asiuziwe.

Wati za kubadilika zinafanya nini

Koili ni waya uliozungukwa na pamba iliyolowa maji ya vepu. Umeme ukipita, waya huwaka, maji hugeuka mvuke. Nguvu yake ni volti mara volti, gawanya kwa omu za koili, yaani kipimo cha namna waya unavyoukinza umeme. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, na inapokaribia kwisha hushuka hadi 3.4 hivi. Kwa mashine isiyo na chipu ya kusimamia nguvu, koili ya omu 0.8 itapata wati 22 asubuhi na wati 14 jioni. Ndiyo maana mvuto wa kwanza unakata koo na wa mwisho hauna ladha. Chipu ya wati za kubadilika hupandisha au kushusha volti ili ukiomba 15, upate 15 mchana kutwa.

Hilo ndilo tumaini, na mashine nzuri hulitimiza. Malalamiko huanzia hapa: mashine nyingi za bei ndogo zinaweza kushusha volti tu, haziwezi kupandisha. Koili ya omu 1.2 inataka volti 4.24 ili itoe wati 15. Betri ikishafika 3.4, mashine ya namna hiyo inatoa chini ya wati 10 huku kioo kikiendelea kuandika 15. Mnunuzi hudhani koili imekufa, anaitupa, anafunga mpya, na hali ni ile ile. Kinga ni kusoma boksi: tafuta mstari wa volti zinazotoka. Ukiona mwisho wake ni 4.0 au 4.2, mashine haipandishi. Itumie kwa koili za omu 0.8 kushuka chini. Ukiona 6, 8 au 8.5 kwenye mashine ya betri moja, inapandisha.

Kuna na kasoro ya upande wa pili. Chipu duni hutoa nguvu kwa vipigo vya volti nyingi, kisha hukokotoa wastani wa volti badala ya nguvu halisi. Unaomba wati 10, koili inapokea zaidi, pamba inaungua. Dalili yake ni mlio wa kutatarika kwenye koili hata ukishusha wati hadi mwisho. Mashine ya hivyo irudishe siku hiyo hiyo.

Ya kwanza: podi yenye kioo, wati 5 hadi 40

Podi ni mashine ndogo ambayo kikopo chake cha maji huchomekwa na kuchomolewa; kikopo hicho nacho huitwa podi. Hii ndiyo tunayoiweka juu kwa mkaazi wa mjini. Betri iko ndani, ya mAh 1,000 hadi 1,500 (mAh ni kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri), na koili zinachomolewa peke yake bila kutupa podi nzima. Kwa wati 15 na mvuto wa sekunde 3, betri ya mAh 1,000 inakupa mivuto 240 hivi, na hiyo ni siku nzima ya mvutaji wa kawaida. Maji hutumika mililita 2 hadi 4 kwa siku. Aina za Vaporesso, GeekVape, Voopoo na Uwell zinazojulikana ziko katika kundi hili.

Usinunue kabla ya kuuliza koili. Duka lisipokuwa na pakiti za koili za mashine ile ile, mashine hiyo ina maisha ya wiki mbili. Koili moja hudumu wiki moja hadi mbili, na maji matamu sana huifupisha hadi siku tatu nne, kwa sababu sukari bandia hugeuka masizi kwenye waya. Chukua koili za miezi mitatu siku unayonunua mashine, na uangalie omu zake: 0.8 au 1.0 kwa anayetaka mvuto wa kubana kama wa sigara.

Angalia na tundu la chaja. Mashine kadhaa za tundu la USB-C zimeachwa bila vizuizi viwili vidogo ndani ya saketi, vinavyoiambia chaja mpya itoe umeme. Ukitumia waya wenye ncha ya C pande zote mbili, haijai hata kidogo. Ukitumia waya wa zamani, wenye ncha pana upande wa chaja, inajaa. Watu hudhani mashine imekufa. Ijaribu dukani kwa waya wako mwenyewe.

Ya pili: mashine ya betri moja ya 18650

Kwa anayekaa Wete, Micheweni, Makunduchi au popote ambapo duka la vepu ni safari, tungeigeuza hii iwe ya kwanza. Betri ya ndani huanza kuchoka baada ya mijazo mia tatu hadi mia tano, na ikichoka mashine nzima imekwisha. Betri ya 18650, ile ya mrija yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, hutolewa ikawekwa nyingine. Ukiwa na mbili na chaja ya nje, umeme ukikatika usiku kucha hukwami. Betri ya mAh 2,500 kwa wati 15 inatoa mivuto 600 hivi. Kwa wati 60 betri hiyo hiyo inatoa 150 tu, kwa hiyo tarakimu kubwa kiooni ni safari nyingi kwenye chaja. Kuhusu gharama ya umeme usihofu: uniti moja ya Tukuza inaijaza betri hii mara 70 au zaidi.

Mashine ya betri moja ikiandikwa wati 100, usiamini. Kwa wati 80, betri iliyoshuka hadi volti 3.3 italazimika kutoa zaidi ya ampea 24, na betri nyingi za 18650 zimeundwa kwa ampea 15 au 20. Kaa chini ya wati 50 na betri haitapata moto mkononi.

Ubaya wake ni uzito, na kwamba unapaswa kuijua betri. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia, basi tulieleze.

Hakuna 18650 ya kweli inayofika mAh 5,000. Ukiona 5,000, 8,800 au 9,900 juu ya ganda, hiyo ni ya tochi za mchezo, iache pale pale. Betri ya kweli ina uzito wa gramu 44 hadi 48. Bandia nyingi hazifiki 35, kwa sababu ndani mna kibetri kidogo na nafasi tupu. Muombe sonara akupimie. Mizani yake ni sahihi kuliko ya sokoni na kazi ni ya sekunde tano. Aina za kutafuta ni Samsung 25R, yenye mAh 2,500 na ampea 20, Molicel P26A, yenye mAh 2,600, au Samsung 30Q, yenye mAh 3,000 na ampea 15. Betri zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu zinafaa taa, hazifai vepu, maana hazikuundwa kutoa ampea nyingi kwa mara moja.

Ganda la plastiki la betri likichanika hata kwa upana wa ukucha, usiitumie mpaka libadilishwe. Mwili mzima wa betri chini ya ganda ni upande wa hasi, na ncha ya chanya imetenganishwa nao kwa kipete chembamba cha karatasi. Betri isiyo kwenye kasha ikikaa mfukoni pamoja na funguo au sarafu ni moto unaosubiri. Iweke kwenye kijaluba cha plastiki.

Ya tatu: podi isiyo na kitu cha kubonyeza

Unavuta, inawaka. Hakuna wati za kupanga na hakuna cha kuharibu. Kwa mzee anayetaka kuacha sigara na hataki masomo, inamtosha, akitumia maji ya chumvi za nikotini ya miligramu 20 kwa mililita. Imeshika nafasi ya tatu kwa sababu nyingi hazisimamii nguvu, na maji yakiingia kwenye kihisio cha pumzi hujiwasha yenyewe. Ikianza hivyo, toa podi na uiweke mashine juu ya saruji, mbali na godoro.

Ya nne: boksi la betri mbili, wati 200

Ni kazi nzuri ya ufundi, na mashine za GeekVape za namna hii hustahimili vumbi na maji. Lakini ni ya mtu anayetaka wingu, si ya anayetaka kuacha sigara. Kwa wati 60 au 70 utamaliza mililita 10 za maji kwa siku au zaidi. Betri zake mbili ziwe mapacha: aina moja, zimenunuliwa siku moja, zinajazwa pamoja na kutumika pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu hushuka kupita kiasi na kuharibika.

Kwenye mashine hizi utakuta na uongozi wa joto, ambao Evolv ya Marekani iliuingiza kwenye chipu yake ya DNA 40 mwaka 2014. Chipu hupima omu zinavyopanda waya unapopata moto, na hukata nguvu kabla pamba haijaungua. Inafanya kazi kwa waya wa chuma cha pua cha 316L, nikeli au titani. Kwa kanthali, waya wa aloi ya chuma ambao ndio uliomo kwenye koili nyingi za dukani, omu karibu hazibadiliki, na chipu haina cha kupima. Malalamiko ya “uongozi wa joto haufanyi kazi” mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Ya tano: za kutupa

Nikotini nyingi, betri nzima ya lithiamu inakwenda jaani kila baada ya siku chache, na huwezi kupanga lolote. Uingereza ilipiga marufuku kuziuza tarehe 1 Juni 2025. Kisiwa kidogo hakina pa kuzificha betri hizo. Hatuzipendekezi.

Na ile mirija ya chuma isiyo na chipu kabisa, ambayo kitufe hufunga umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, usiinunue. Koili ikipiga shoti, hakuna kitu cha kuukata umeme.

Nikotini na wati ziende pamoja

Kosa la wageni wengi ni kumimina maji ya miligramu 20 au 50 kwenye mashine ya wati 60. Matokeo ni kizunguzungu, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Miligramu 20 ni za wati 10 hadi 18. Ukipita wati 40, shuka hadi 3. Maji ya nusu kwa nusu, propilini glaikoli na gliserini, yanafaa koili za omu 0.8 kupanda. Yale mazito ya gliserini asilimia 70 ni ya koili za chini ya omu 0.5, kwenye koili za omu nyingi hayapenyi pamba kwa haraka na pamba inaungua.

Koili mpya ifungwe hivi: dondosha matone 3 hadi 5 juu ya pamba, jaza tangi, subiri dakika 10 kamili. Anza na wati za chini kabisa zilizoandikwa ubavuni mwa koili, vuta mara kumi, kisha panda wati 1 kwa wakati. Pamba ikishaungua mara moja, ladha ya moshi haitoki tena.

Kuvuja, ambako huku ni jambo la kila siku

Joto huyafanya maji kuwa mepesi na hewa ndani ya tangi kutanuka. Mashine iliyoachwa juani kwenye dashibodi ya gari au ufukweni Nungwi saa saba mchana itavuja, hata iwe nzuri vipi. Iweke wima, kivulini, na usiiache tangi nusu kwa saa nyingi, maana hewa nyingi ndani ndiyo inayosukuma maji nje. Angalia oringi, yaani vile vipete vya mpira vya kuziba, iliyokatika au iliyolegea ibadilishe, usiizungushie uzi.

Hewa ya bahari nayo hula shaba. Mashine ikianza kuandika kwamba haioni koili, au omu zikirukaruka, mara nyingi ni ukungu wa chumvi kwenye ncha ya katikati, pale koili inapogusana na mashine. Zima, toa betri, futa kwa kijiti cha pamba na spiriti ya duka la dawa, acha ikauke. Fanya hivyo kila wiki ukiwa unakaa pwani.

Pemba ni nyumbani kwa mafuta ya karafuu, na wapo wanaofikiri kuyatia kwenye vepu kwa harufu. Usitie. Wala mafuta ya nazi, ya mdalasini wala ya manukato. Mafuta yakivutwa hukaa mapafuni na kuleta nimonia isiyosikia dawa za kawaida. Marekani mwaka 2019 watu walilazwa kwa maelfu na makumi wakafa, wengi wao kwa maji ya bangi yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Tumia maji ya kiwandani tu, yenye kifuniko cha kubana ambacho mtoto hawezi kukifungua, na chupa ikae juu ya kabati. Mtoto mdogo akiyanywa ni sumu, na anapelekwa hospitali hapo hapo.

Anayesafiri kwa ndege abebe vepu na betri kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye sanduku la mizigo haziruhusiwi. Mwaga maji ya tangi kabla ya kuondoka, la sivyo utayakuta mfukoni ndege ikishapaa. Anayekwenda Maskati ajue kwamba Oman imepiga marufuku biashara ya vepu, na Singapore hata kuwa nayo ni kosa. Huko iache nyumbani, betri ikiwa nusu.