Pikapu ya dizeli ya kuvuta tela Nyanda za Juu Kusini: gia za mkono au otomatiki?

Kabla ya kuchagua gia, pima mzigo. Magunia 15 ya viazi ya kilo 100 ni tani moja na nusu, na yakiwa lumbesa yanapita hapo. Tela la chuma la ekseli moja lenyewe lina kilo 400 mpaka 500. Umeshafika tani 2, na bado hujahesabu kilichopakiwa ndani ya pikapu. Watengenezaji wengi wa pikapu za tani moja wanaweka mwisho wa kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake. Kwa hiyo ukivuta viazi vya Isyonje au mbao za Mafinga, fedha ya breki za tela itangulie fedha ya kubishania giaboksi.

Kinachoua klachi na giaboksi huku ni joto. Joto hilo halitokei ukiwa unakimbia kwenye lami ya Mafinga kwenda Makambako. Linatokea unapoondoka ukiwa umesimama mlimani na mzigo: kupanda Kikondo barabara ikiwa tope, kutoka shambani Rungwe mvua imenyesha usiku kucha, au kufuata semi inayopanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye gia za mkono joto hilo linaishia kwenye diski ya klachi. Kwenye otomatiki linaingia kwenye oili, na oili ndiyo inayozunguka giaboksi nzima. Diski imeungua, fundi wa Tukuyu au Ilula anaifungua na kuweka nyingine. Giaboksi ya otomatiki ikiungua, gari linapakiwa kwenye lori kufuata fundi anayeijua.

Ndiyo maana chaguo la kwanza kwetu ni gia 5 za mkono, 4x4 yenye 4L (gia nzito za 4x4 za mwendo wa taratibu). Hapa wamo Hilux zenye injini za 2KD na 1KD, na Land Cruiser ya 79 yenye injini ya 1HZ. Hiyo 4L ndiyo inayookoa klachi: ukiondokea 4L gia ya kwanza au ya pili, unaachia pedeli mapema na diski haisuguani muda mrefu. Itumie kwenye udongo na tope. Kwenye lami kavu ekseli za mbele na nyuma zinashindana, na ukikata kona unavunja vitu. 1HZ haina turbo, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700, kwa hiyo utapanda taratibu. Lakini pampu yake ni ya kimekanika, na dizeli ya kwenye madumu haiisumbui kama inavyosumbua nozeli za 2KD.

Ya pili ni otomatiki mpya za gia 6, kama Hilux ya 2.8. Kwa kuvuta peke yake, hii ndiyo inayoondoka vizuri kuliko zote. Konveta, yaani chombo cha oili kinachokaa mahali pa klachi, inazidisha nguvu pale gari linapoanza kusogea, na hakuna diski ya kusugua. Toyota wenyewe, tangu 2020, injini hiyohiyo wanaipa nguvu ya kuvuta (toki) ya Nm 500 ikiwa na otomatiki na Nm 420 ikiwa na gia za mkono. Mtu anayevuta zaidi ya tani 2 kwenye lami, aliyelinunua jipya au anayeijua historia yake, aiweke namba moja. Masharti yake hayana mjadala: oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari (Hilux hiyo inatumia ATF WS, usichanganye na oili ya aina ya Dexron), ibadilishwe kila kilomita 40,000 ukiwa unavuta, na kipozeo cha ziada cha oili kifungwe mbele ya rejeta.

Ya tatu, gia 6 za mkono za pikapu ambazo flaiwili yake (sahani nzito nyuma ya injini ambayo klachi inashikana nayo) ina vipande viwili na springi katikati. Barabarani ni tamu sana, ila flaiwili hiyo ikipata joto springi zinalegea, ukizima injini inagonga, na kwa kawaida haichongwi kama flaiwili ya kipande kimoja. Uliza bei ya flaiwili kabla ya kuuliza bei ya gari.

Ya nne ni otomatiki za zamani za gia 4. Mlimani na mzigo zinapanda gia ya nne, zinashuka ya tatu, zinapanda tena, na kila badiliko ni joto. Ukishalinunua, zima O/D (ovadraivu, hiyo gia ya nne) kabla ya kuanza kupanda. Mwisho kabisa tunaweka malori madogo ya Japani yenye klachi inayoendeshwa na kompyuta, yaani Elf za Smoother na Canter za Duonic. Bila mashine ya kupimia, fundi anabahatisha. Yaache.

Kulikagua la mkono: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo na uachie klachi. Injini izime papo hapo. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Ukikanyaga pedeli ukasikia mlio wa kukwaruza unaokoma ukiiachia, ni beringi ya klachi. Ukibadilisha, nunua diski, presha pleti na beringi kwa pamoja, na giaboksi ikiwa chini angalia oili sili ya nyuma ya injini: tone moja la oili linaharibu diski mpya.

La otomatiki, injini ikiwa imepata moto, toa P weka D. Ishike ndani ya sekunde moja au mbili bila kupiga kishindo. Futa kijiti cha oili kwenye karatasi nyeupe. Wekundu unaoonekana kwa mwanga ni salama, kahawia yenye harufu ya kuungua ni giaboksi inayokufa, na rangi ya maziwa maana yake maji ya rejeta yameingia. Nyingi za kisasa hazina kijiti, kiwango kinapimwa kwenye nati ya chini oili ikiwa kwenye joto maalumu, kwa hiyo nenda na fundi. Halafu panda mlima nalo likiwa na mzigo. Mshale wa mizunguko ukiruka juu na mwendo usiongezeke, rudisha funguo.

Kushuka kuna shida yake. Injini ya dizeli isiyo na breki ya ekzosti inashika gari kidogo, na otomatiki inashika hata chini ya hapo konveta ikiwa haijafunga (inateleza kwenye oili). Kabla ya Kitonga, au Iwambi ukielekea Mbalizi, chagua gia ya chini ungali tambarare: ya pili au ya tatu kwa mkono, S au L kwa otomatiki. Breki zikianza kunuka umeshachelewa kuchagua.

Kosa linalomaliza klachi nyingi ni kulishikilia gari mlimani kwa nusu klachi huku ukisubiri foleni isogee. Vuta hendibreki, toa mguu. Na klachi ikiwa mpya, liendeshe kilomita 500 za kwanza bila tela.