Nililipa nikavue: siku moja Shimoni kwa boti ya futi 23

Mjomba wangu wa Gazi amevua tangu utotoni, kwa madema na kwa mshipi wa mkono. Nilipomwambia nimetoa pesa ili niende kuvua Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, aliniangalia kama mtu aliyenunua maji ya chumvi. "Wewe walipa ukavue?" Sikuwa na jawabu, na bado sinalo kamili, lakini haya ndiyo niliyoyaona kwa pesa hizo.

Shilingi 45,000 siku nzima, mafuta na chambo ndani yake, tukagawana mimi na sahibu yangu. Boti kubwa zenye kiti cha kupigania samaki na kijichumba cha kulala huomba zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hivyo tulijua tunachonunua: boti ya faiba, injini mbili za nje, turubai la kivuli, nahodha, na kijana mmoja wa kumsaidia. Choo ni ndoo. Mkija na wake zenu waambieni mapema. Jaketi za kuokolea maisha zilikuwa zimesukumwa chini ya benchi na kufungwa kwa kamba; ilibidi tuziulizie ndipo zikatolewa, na moja haikuwa na kifungo. Hilo sikulipenda kabisa.

Tuling'oa nanga saa 12 na robo asubuhi, mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado imelala. Tulipita kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, na nahodha hakutupa hata ndoana moja mpaka tulipoiacha mipaka ya hifadhi ya Kisite nyuma yetu, maana mle hakuvuliwi. Baada ya hapo hapakuwa na safari ndefu. Uzuri wa Shimoni ni kwamba maji mazito yako karibu. Mkondo wa Pemba una upana wa kama kilomita 50, na kina chake hufika mita 800 hivi. Maji yanayopanda kutoka kusini hubanwa hapo kati ya kisiwa na bara, samaki wadogo wakakusanyika, na wakubwa wakawafuata. Mashine ya kupima kina ilikuwa inasoma mita 60 nilipoanza kumimina chai. Nilipofunga chupa ilisoma 190.

Nahodha mwenyewe hakuihangaikia sana hiyo mashine. Aliangalia membe, wale ndege wa baharini. Wakiruka moja kwa moja, alisema, wanasafiri tu kama nyinyi. Wakianza kuzunguka na kujitupa majini, hapo pana riziki. Kitu pekee alichokitazama kila mara ni GPS, kwa sababu upande wa pili ni maji ya Tanzania na hakutaka kuulizwa maswali.

Tulirambaza mishipi minne, yaani tuliiburuta nyuma ya boti, miwili ya ngisi wa plastiki, miwili ya chuchunge, visamaki vya chambo, walioshonwa vizuri hata ungedhani wanaogelea. Kabla ya saa 3 tulikuwa na sehewa wawili na nguru mmoja wa kilo nane hivi. Sahibu yangu alikuwa tayari amelevywa na bahari, amejikunja kwenye benchi akitafuna tangawizi, ananiambia nikifika nyumbani nimsalimie mama yake.

Ndipo kijana akapiga kelele: "Sulisuli!" Nyuma ya chuchunge wa kushoto palitokea kitu cheusi, kirefu, kikafungua tanga lake mgongoni mara moja na kulikunja. Nahodha alimpa sahibu yangu fimbo, ugonjwa na vyote, akamwambia asivute bado. Ahesabu. Mshipi ukaenda, ukaenda, akahesabu mpaka tano, kisha akafunga breki ya rili, ile gurudumu ya kukunjia mshipi, na samaki akaruka. Sijui niielezeje rangi ile. Ubavuni palikuwa na buluu inayowaka, yenye mistari, kama taa iliyowashwa ndani ya ngozi. Aliruka mara sita au saba, mara nyingine akitembea kwa mkia juu ya maji, na yule mgonjwa wetu akawa amesimama imara, mkanda kiunoni, anacheka peke yake.

Dakika 25. Alipofikishwa ubavuni, nahodha alivaa glavu, akamshika mdomo wake mrefu, akatukadiria kilo 30, akamchoma kibandiko kidogo cha plastiki karibu na mzizi wa tanga na kuandika namba yake kwenye kadi ya African Billfish Foundation, wale wa Watamu wanaofuatilia samaki wa aina hii. Kisha akamwacha kichwa kikiwa ndani ya maji huku boti ikienda polepole mbele, maji yakimpitia kwenye mashavu, mpaka akapata nguvu na kuchomoka mwenyewe. Kazi ile ilifanywa kwa adabu. Kwa hilo peke yake nahodha huyu na kijana wake nawapa alama zote.

Mwenye boti siwezi kumpa. Saa 6 hivi ikawa zamu yangu. Samaki alipiga, hakuruka, akazama chini moja kwa moja, jodari mkubwa kwa namna alivyovuta. Nilishika rili ile kwa raha yangu yote, na breki ikakwama. Haikulegea wala kukaza. Mshipi ulilia kidogo, ukakatika. Nahodha alikaa kimya, kisha akaniambia ukweli: rili ile ina chumvi ndani tangu Desemba, ameomba ifunguliwe na kupakwa grisi, na anajibiwa kesho, kesho. Mbili kati ya nne zilikuwa hali hiyo. Ukienda, kabla hujalipa, vuta mshipi kwa mkono kwenye kila rili uone kama unatoka laini. Mimi sikufanya.

Mchana upepo uliamka na boti ndogo ikatuonyesha udogo wake. Tulilowa mpaka kwenye simu. Tulipata jodari mmoja wa wastani, kilo 14 kwenye mizani ya gatini, na hapo ndipo yalipozuka mengine. Mwenye boti alikuwepo, akatuambia samaki ni wa boti, ndiyo desturi. Kumbe kweli ni desturi ya boti nyingi za kukodi, ila hakuna aliyetutajia tulipokuwa tukilipa. Nahodha aliingilia kati, tukatoka na nguru mzima na nusu ya jodari. Ulizeni kabla. Barafu pia chukueni yenu. Yao iliyeyuka saa 5.

Nitarudi? Nitarudi kwa nahodha yuleyule, hata akihamia boti nyingine, na nitabeba rili yangu.

Jioni ile nilipitia Gazi nikampelekea mjomba kipande cha jodari. Alikipokea, akakipindua, akakinusa, akakubali ni kizuri. Nikamsimulia habari ya sulisuli, alivyoruka, alivyoachiliwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mliyemwachilia," akauliza, "naye mlimlipia?"