Foto za nkambo: skani wape, uso usiwape

Kuskani karatasi Lubumbashi si kazi, kila penye fotokopi wanaskani. Foto ya nkambo, yaani babu au bibi, ni kitu kingine, na studio hii ndogo ya mjini kati, isiyo na hata kibao mlangoni, inaijua tofauti hiyo. Kabla ya kutaja bei wanauliza: utaichapa kwa ukubwa gani?

Wana sababu. Foto nyingi za miaka ya 1950 na 1960 ni vipande vya sentimita 6 kwa 9, kingo zimekatwa meno meno. Ukiziskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), kama kwenye fotokopi, utapata nakala nzuri ya ukubwa uleule, basi. Dpi 600 inakufikisha 12 kwa 18. Ya kutundika sebuleni, 24 kwa 36, dai 1200. Wanakupa faili mbili, TIFF ya kuhifadhi na JPEG ya kutuma. Kwenye WhatsApp itume kama hati, la sivyo inabanwa na macho ya nkambo yanageuka madoa.

Sifa yao kubwa: wanaskani na upande wa nyuma bila kuombwa. Muhuri wa studio ukisomeka Elisabethville, foto hiyo yaelekea ni ya kabla ya 1966, mwaka mji ulipoitwa Lubumbashi. Jadotville vivyo hivyo, kabla haijawa Likasi. Hata nguo zinasema: mzee aliyevaa abakosti, ile suti ya enzi za Mobutu, bila tai, mtafute miaka ya 1970 au 1980. Yaandike hayo kwenye jina la faili pamoja na jina la nkambo mwenyewe, maana "IMG_0042" haitamwambia kitukuu lolote.

Foto iliyogandia kioo cha kadre, usiibandue. Unyevu wa wakati wa mvua huvimbisha jelatini ya juu ya foto; ikikauka inashika kioo, na ukivuta, uso unabaki kiooni, wewe unabaki na karatasi nyeupe. Lete kadre nzima. Hapa wana skana ya zamani, nene na nzito, ya aina ya CCD, inayoona vizuri kupitia kioo. Zile nyembamba za CIS zinaona sawasawa kile kilichogusa meza yake tu. Kilichoinuka milimita mbili kinatoka na ukungu.

Foto za rangi zilizogeuka nyekundu si chafu, ni rangi ya samawati iliyofifia kabla ya wenzake. Hizo wanazirudisha vizuri.

Sasa lawama. Wana programu ya "kusafisha" nyuso na wanaisifu kupita kiasi. Haisafishi, inabuni. Uso wenye ukubwa wa punje ya muhindi hauna habari ya kutosha, basi inajazia kutoka nyuso za watu wengine ilizofundishwa. Itazame kwa karibu sampuli waliyobandika ukutani: mwanamke mzee, kushoto ya asili, kulia iliyosafishwa. Chale za mashavuni zimefutika, pengo la meno limezibwa, ngozi imekuwa plastiki. Wajukuu aliowabeba mgongoni wangepita mbele yake bila kumwamkia. Sema mapema, tena uandike kwenye risiti: mtoe vumbi, mikunjo na michirizi, uso msiuguse.

Bei ni franka 3,000 kwa dpi 600 na mara mbili yake kwa 1200. Kadre unalipa mbali. Jumamosi usiende, foto za harusi zinapewa nafasi ya mbele. Umeme ukikatika kazi inalala, na hapo usiwaachie foto za asili, chukua urudi nazo kesho.

Kwenye kadre mpya omba ukingo wa kadibodi wa milimita mbili kati ya foto na kioo. Wao hawauweki usipoomba. Ya asili irudi kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni.