Jeki ya mafuta ya tani 2: inainua, haishikilii

Jina lenyewe linaeleza kazi. Jack ni jina la utani la John, na kwa Waingereza wa kale lilienea mno hata likawa la mwanamume yeyote wa kawaida, kisha la kijana wa kutumwa. Vifaa vilivyochukua kazi ya kijana huyo vikarithi jina: cha kuvulia buti, cha kuzungusha nyama motoni, na hiki cha kuinulia mizigo. Kiswahili kikalipokea kama jeki, na mtaani likapata maana nyingine tamu: kumpiga mtu jeki ni kumwinua kwa mtaji au karo mpaka asimame mwenyewe. Chombo nacho kitumike hivyohivyo.

Kwa gari dogo, jeki hii yenye umbo la chupa inaishinda ya mkasi. Pistoni ya kipenyo cha sentimita 1 ikisukuma mafuta chini ya pistoni ya sentimita 3, nguvu huongezeka mara 9, na bado hujahesabu urefu wa mpini. Udhaifu wake ni kimo: nyingi huanzia sentimita 15 hadi 18, kwa hiyo gari la chini lenye pancha huenda lisiipishe. Pima nafasi tairi likiwa halina upepo.

Vuta hendibreki, weka jiwe kwenye tairi la upande wa pili, na legeza nati kabla ya kuinua. Vali ya kushushia, ile skrubu iliyo chini ya jeki, hufungwa kwa kuizungusha kulia. Ukiikaza mno unaharibu kikalio chake, nayo itavuja daima. Kushusha, ifungue taratibu, isizidi robo mzunguko.

Ikipanda kwa kunesanesa, ina hewa: fungua vali, pampu mara kumi hivi, funga. Isipofika juu, mafuta yamepungua. Shusha pistoni yote, jaza mafuta ya haidroliki hadi usawa wa tundu la kujazia. Mafuta ya breki kamwe usiyatie, kwani huvimbisha sili, yaani pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje.

Sili moja ikipasuka, gari linashuka papo hapo. Kwa kubadilisha tairi tu, jeki hii inatosha. Anayetaka kuingia uvunguni anunue na stendi mbili, ashushe gari likae juu yake, ndipo alale chini.