Uzoefu wangu na sanduku la dawa la Toyama: tumia kwanza, lipa baadaye

Ukiishi Japani, hasa nje ya miji mikubwa, iko siku utapigiwa hodi na mtu nadhifu mwenye begi la dawa, na huenda ukamfungia mlango ukidhani ni tapeli. Kama anatoka mkoa wa Toyama, msikilize kwanza. Huduma yake inaitwa okigusuri, yaani dawa ya kuachwa nyumbani, na sanduku lake liko kabatini kwangu mwaka wa tatu sasa. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua nitaieleza.

Mfanyabiashara yeyote wa kwetu ataielewa haraka: ni mali kauli, isipokuwa anayekopeshwa ni mtumiaji mwenyewe. Wenyewe wanaiita senyo kori, tumia wewe kwanza, faida yangu ije nyuma. Muuzaji anaacha sanduku bila amana hata ya yeni moja. Langu lina aina 15: dawa ya mafua, ya maumivu, mbili za tumbo (ya kuharisha ni mbali na ya kiungulia), plasta za kubandika kwenye misuli, dawa ya macho, mafuta ya vidonda, bandeji na vitu vidogovidogo. Baada ya miezi minne hadi sita anarudi, anafungua, anahesabu. Kilichofunguliwa kinalipwa, kisichoguswa hakilipwi, na kilichokaribia kuisha muda anakiondoa na kuweka kipya bure. Jambo la kujua mapema: kwangu malipo ni kwa pakiti, si kwa kidonge. Ukifungua ya vidonge 12 ukameza viwili, unalipia vyote 12.

Kabla ya kupokea sanduku, omba kitambulisho. Sheria ya dawa ya Japani inaitambua biashara hii kama aina yake pekee, na muuzaji lazima atembee na kitambulisho kilichotolewa na mkoa. Anayesita kukionyesha, mwache aende zake.

Halafu utasimuliwa hekaya, na hiyo huwezi kuikwepa. Mwaka 1690, ndani ya ngome ya Edo, mji ambao leo ni Tokyo, bwana (yaani mtawala) wa himaya ya Miharu, Akita Terusue, alikamatwa na tumbo mbele ya mabwana wenzake. Maeda Masatoshi, bwana wa pili wa Toyama, akachomoa kijaluba chake, akampa dawa, tumbo likatulia palepale. Waliokuwepo wakamsihi awatume wauzaji mpaka kwenye himaya zao. Dawa yenyewe iliitwa hangontan, kidonge kirudishacho roho, jina zito kwa dawa ya tumbo. Muuzaji wangu ni kizazi cha nne cha kazi hii katika ukoo wao, na kwao hekaya imenenepa kadiri inavyorudi nyuma. Baba yake alisimulia kwamba yule bwana alikaa sawa akashukuru. Babu yake alisema aliinuka akaomba wali. Kwa babu mzaa babu, alimaliza bakuli tatu, kisha akamlaumu Maeda kwa kumchelewesha kula. Nacheka kila ninapoisikia, na ninaipenda kwa dhati.

Ila hekaya haiuzi dawa miaka 300 na zaidi. Kinachouza ni daftari. Wauzaji wa zamani walitembea kwa miguu wakiwa na vikapu vitano vya fito za mwerebi, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa kitambaa mgongoni, mzigo wa kilo 20 hivi. Kikapu cha juu kabisa kilibeba daftari na abakasi, kifaa cha shanga cha kuhesabia. Kilichofuata kilikuwa na zawadi, kisha dawa kuukuu zilizokusanywa majumbani, na chini kabisa dawa mpya. Mpangilio huo ndio utaratibu wa kazi: soma jina la nyumba, furahisha watoto, ondoa zilizochakaa, jaza mpya. Daftari, kakebacho kwa Kijapani, liliandika jina la kila kaya, waliomo ndani, dawa walizotumia safari iliyopita na kama walilipa. Lilikuwa na thamani kiasi kwamba liliuzwa na kurithiwa kama shamba, kwa sababu aliyelipata alipata wateja wote pamoja na siri za matumbo yao. Muuzaji wangu analo kwenye tableti sasa, lakini maswali hayajabadilika: nani anakohoa, nani ameacha dawa ya presha, nani ana mimba.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa huduma hii. Muuza dawa wa kwenye basi akishateremka, hela yako ameondoka nayo, na chupa ikiwa maji matupu utamtafuta wapi? Huyu wa Toyama hajalipwa bado. Dawa isipofaa, haitafunguliwa tena, na safari yake nzima itakuwa hasara.

Sasa makosa niliyoyaona kwa watumiaji, kwa sababu sanduku likiwa karibu linazoeleka kama kabati la biskuti. La kwanza na la hatari zaidi ni kuchanganya dawa ya mafua na dawa ya maumivu siku moja. Nyingi kati ya hizo zina parasetamoli, ambayo kwenye pakiti za Kijapani huandikwa asetoaminofeni, na ukijumlisha mbili unaweza kuvuka kipimo na kuumiza ini bila kujua. Linganisha majina ya viambato kwanza. Dawa nyingi za mafua pia zinaleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe gari. Kerorin, dawa ya maumivu ya Toyama ambayo jina lake limeandikwa kwenye zile beseni za njano za mabafu ya umma, ina aspirini na unga wa mdalasini. Usimpe mtoto wa chini ya miaka 15, wala mwenye vidonda vya tumbo, wala mtu ambaye aspirini humletea pumu.

Unga wa dawa nao una namna yake. Ukiumwaga kwenye ulimi mkavu utanata na kukupalia. Weka kwanza maji kidogo mdomoni, inua kichwa, mimina unga juu ya maji, meza, kisha ongeza maji. Sanduku lisikae bafuni wala karibu na jiko, hasa Juni na Julai, msimu wa mvua. Unyevu hugandisha unga na kuharibu gundi ya plasta. Dawa ya macho iandike tarehe uliyoifungua, maana muda uliochapwa kwenye chupa ni wa chupa iliyofungwa.

Nyota niliyoizuia ni kwa mambo mawili. Bei iko juu kuliko ya duka kubwa la dawa, na hilo nalielewa: unalipia safari na zile zinazotupwa kila mara. Nisilolipenda ni vinywaji vya nguvu na vidonge vya lishe vinavyotolewa begini baada ya hesabu. Hivyo si mali kauli, unavinunua papo hapo au unatiwa kwenye mkataba. Mimi hujibu kwa heshima, "Sanduku tu," na hajawahi kununa.

Kwa mwenye watoto, watapewa puto za karatasi. Zile za pembe nne hukunjwa zikawa bapa, ndiyo maana zilifaa kusafirishwa kikapuni.

Ukifika mji wa Toyama, pita duka la Ikedaya Yasubei, ambako hangontan bado inauzwa na unaweza kujaribu kufinyanga vidonge kwa mkono. Donge la dawa linapitishwa kwenye mashine ya mbao, linatoka vipande vidogo, kisha unavizungusha chini ya kibao. Wengi hukandamiza kwa nguvu, vidonge vikawa bapa kama dengu. Lazima mkono uwe mwepesi na uzunguke duara kamili. Ukisukuma mbele na nyuma tu, utapata vijiti.

Na ukihama, mpigie simu muuzaji kabla ya kufunga mizigo. Sanduku na kisichofunguliwa ni mali yake. Ukimpa anwani mpya, nyumba yako itahamia kwenye daftari la mwenzake wa huko, na maelezo ya kwamba ibuprofeni inakuletea vipele yatakutangulia.